Mimi Nilijitolea

Umeme ulikatika saa mbili na robo usiku, katikati ya somo la presha ya maji, na watoto wakapiga ile kelele ya furaha ambayo kila mwalimu anaijua. Ilikuwa Novemba, kambi ya mtihani, kidato cha pili. Nikawasha tochi ya simu, nikaiegemeza nyuma ya chupa ya maji ili mwanga utawanyike, nikawaambia wafunge madaftari.

"Kisa, Maalim," akasema mmoja.

Kisa nilikuwa nikiwasimulia kwa vipande tangu Septemba, kila umeme ukikatika. (Kwa hiyo kilikwenda haraka kuliko nilivyotarajia.) Usiku ule tulifika pale ambapo mtu wetu, mwalimu wa sayansi aliyejikuta peke yake ndani ya chombo mbali kabisa na dunia, anarudiwa na kumbukumbu yake ya mwisho. Nikawaambia: hakujitolea. Aliitwa, akaambiwa hakuna mwingine wa kwenda, akakataa. Wakamkamata, wakampa dawa ya kumsahaulisha, wakampakia kama mzigo.

Darasa likanyamaza. Dirishani tulisikia mashine ya boti ikivuka.

Kisha msichana mmoja wa safu ya mbele, mtoto wa nahodha, ambaye kwa kawaida haulizi kitu mpaka awe ameshakisia jibu lake, akasema: "Maalim, na wewe ulikuja huku kwa hiari yako?"

"Ndiyo," nikasema. "Mimi nilijitolea."

Umeme ukarudi. Tukaendelea na presha ya maji.

Ilinichukua siku nne kugundua kwamba nilikuwa nimesema uongo, na wiki kadhaa nyingine kukubali kwamba nimekuwa nikiusema kwa karibu miaka 12.

## Chawa wa jua

Riwaya yenyewe ni Project Hail Mary ya Andy Weir, ya mwaka 2021. Nakala yangu iliachwa na mgeni kwenye nyumba ya wageni Wete, imevimba kwa maji ya chumvi. Shemeji yangu aliniletea kwa kuwa kwenye jalada pana mtu wa anga, na mimi ndiye mtu wa sayansi katika ukoo. Kama hujaisoma na unapanga kuisoma, ishia hapa. Sitaficha kitu.

Jina tu lilinipa kazi. Ni maneno ya mwanzo ya sala ya Wakatoliki, lakini Wamarekani wanayatumia pia kwa ule mpira unaorushwa mbali dakika ya mwisho, hesabu zote zimeshakataa, imebaki dua. Nikawaambia wanafunzi: dakika ya 90, mmefungwa moja, mmepata kona, na kipa wenu naye amepanda. Wakaelewa hapo hapo. Safari ya kufa kupona.

Kuna vijidudu vinavyokula nguvu za jua na kwenda kuzaliana Zuhura. Mwandishi anaviita Astrophage, mla nyota. Darasani kwangu viliitwa chawa wa jua. (Wale chawa wengine nao hula kwa aliye juu, lakini tusiingie huko.) Jua linafifia, dunia inaelekea kwenye baridi na njaa, na nyota za jirani zinaumwa ugonjwa huo huo, isipokuwa moja tu, Tau Ceti, kiasi cha miaka 12 ya mwanga kutoka hapa. Watu watatu wanatumwa wakaangalie kwa nini ile imesalimika. Mafuta ni ya kwenda tu. Majibu yatarudishwa na vyombo vidogo visivyo na mtu, wao watabaki huko huko. Wawili wanafia njiani wakiwa wamelazwa usingizi mrefu, anabaki mwalimu Ryland Grace, ambaye akiamka hakumbuki hata jina lake.

Nilichokifurahia katika kuitafsiri kwa mdomo ni kwamba Kiswahili chetu cha baharini kilikuwa kimeshajiandaa. Chombo ni chombo, kiwe cha tanga au cha kwendea kwenye nyota. Rubani alikuwa akiingiza meli bandarini zamani, kabla hajapewa ndege. Na Rocky, yule kiumbe wa sayari nyingine mwenye miguu mitano, gamba la mawe, asiye na macho, sikupata hata nafasi ya kumweleza vizuri.

"Kaa," wakasema.

Akabaki Kaa. Anazungumza kwa sauti za muziki, kadhaa kwa pamoja. Nikawaambia ni kama akodiani ya taarabu inapovutwa. Yeye naye ametumwa na watu wa kwao kwa sababu ile ile. Walikuwa 23 chomboni, wamekufa wote, kabaki yeye.

Hapo ndipo mtoto wa nahodha aliponishangaza mara ya kwanza. Mwenzake aliuliza kwa nini Kaa hakurudi kwao wenzake walipokufa. Akamjibu yeye, kabla yangu: "Atarudi vipi mikono mitupu?"

Mtoto wa Kojani, kisiwa chetu hiki cha Pemba, anajua dago. Wanaume wanaondoka kwa miezi, Tanga, Mafia, hadi pwani ya Kenya, wanapiga kambi kwenye fukwe za watu na kufuata samaki. Nikamuuliza kama baba yake hujitolea kwenda dago. Aliniangalia kama nimemuuliza iwapo jua hujitolea kuchwa.

"Huenda tu, Maalim."

## Barua chini ya godoro

Sasa uongo wangu.

Hadithi niliyozoea kuisimulia ni hii. Januari 2013, kijana wa mjini Unguja amemaliza chuo, anapenda fizikia, anasikia visiwa vidogo vya Pemba havina walimu wa sayansi, anainua mkono. Nimeisimulia kwa wakaguzi, kwenye harusi yangu, kwa mwanangu. Ina sehemu za kuchekesha. Ina hata maneno niliyomjibu afisa aliyenionya kwamba huko ni mbali.

Siku ya nne baada ya ule usiku nilikuwa naanika godoro juani. Nikalinyanyua upande mmoja, na mkono ukakumbuka kabla ya kichwa.

Barua ya kupangiwa kazi niliisoma mara moja, nikaikunja mara nne, nikaisukuma chini ya godoro. Bimkubwa, mama'angu, nikamwambia majina bado hayajatoka. Siku tisa nililala juu yake.

Sababu zilikuwa mbili. Meli mbili zilikuwa zimezama ndani ya muda usiotimia mwaka: moja Septemba 2011 ikielekea Pemba, nyingine Julai 2012 ikitoka Dar es Salaam. Mtaani kwetu zilikuwepo nyumba zilizosoma hitma bila ya kaburi. Hiyo ni sababu ya heshima na ningeweza kuisema mbele za watu. Ya pili ni kwamba nilijiona mtu wa mjini. Wapemba nilikuwa nikiwajua kwa vichekesho vyao tu, na sikutaka kuishi mahali ambapo jioni huendi Forodhani. Basi. Sababu ya kitoto, na nikiwa mkweli, ndiyo iliyokuwa nzito.

Siku ya kumi Bimkubwa aligeuza godoro.

Hakupiga kelele. Alikaa kitandani, akanipa ile barua nimsomee kwa sauti, ingawa kusoma anajua. Nilipofika mwisho akasema, "Haya." Keshokutwa yake alinipeleka bandarini Malindi mwenyewe, tikiti ameshaikata, vyeti vyangu kavishika yeye ndani ya mfuko wa plastiki kana kwamba mimi ningevitupa baharini. (Huenda ningevitupa.) Nililia gatini. Nilikuwa na miaka 24. Mchukuzi mmoja aliniona, akageuza uso kwa adabu. Bimkubwa alisimama pale mpaka ngazi ikatolewa, na wala hakunipungia mkono. Alikuwa akihakikisha sishuki.

Riwayani walihitaji dawa ili mtu asahau. Mimi nilihitaji wasikilizaji tu. Kila nilipoisimulia ile hadithi ya kuinua mkono, hii ya godoro ilizama shibiri moja zaidi.

Nadhani hata najua niliiazima wapi. Nilisoma chuo Tunguu, Unguja, na Tunguu hiyo hiyo, kabla ya Mapinduzi, Wamarekani walikuwa na kituo cha kufuatilia safari zao za mwanzo za anga. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn aliizunguka dunia mara tatu kwa muda wa karibu saa tano, na alipopita juu yetu, waliokuwa kituoni walizungumza naye kwa redio dakika chache kabla hajapotelea upande wa Bahari ya Hindi. Wapo Wazanzibari waliohofia kwamba kile ni kituo cha makombora. Mwaka 1964 kikafungwa, vyombo vikaondoshwa. Sisi wanafunzi tulipenda kukaa nje usiku na kubuni alisema nini alipoona kisiwa chetu, kama alikiona. Glenn alitaka kwenda. Aligombea kwenda. Picha ya mtu wa anga niliyokuwa nayo kichwani ilikuwa yake: mtu anayetabasamu akipanda ngazi.

Ngazi yangu mimi nilipanda nimefuta kamasi kwa mkono wa shati.

## Yule mama

Katika riwaya anayemlazimisha Grace ni mwanamke anayeitwa Eva Stratt. Amepewa mamlaka juu ya kila serikali ili jua liokolewe, naye anayatumia bila kupepesa jicho. Mwanasayansi wa safari na yule wa akiba wanakufa kwenye mlipuko siku chache kabla ya kuondoka. Usingizi ule mrefu si kila mtu anauweza, ni watu wenye chembe fulani ya urithi, mmoja kati ya 7,000. Grace anayo. Na chawa wa jua anawajua. Hakuna mwingine.

Hesabu ya Stratt ni sahihi. Nimeirudia nikitafuta kosa, kama ninavyofanya na madaftari ya wanafunzi, na sijaliona.

Nikampigia Bimkubwa.

"Wakumbuka ile barua?"

"Barua ipi?"

"Ya godoro."

Akacheka mpaka akakohoa. "Ulilia, mwanangu! Gatini, kama unapelekwa jandoni."

"Kwa nini ulinilazimisha?"

Akanyamaza. Nilitegemea ataniambia habari za elimu, watoto wa watu, thawabu.

"Mshahara wako nilikuwa nishaukopea," akasema. "Zile bati za jikoni."

Bati za jikoni.

Nilikaa na jibu hilo siku nzima. Miaka yote hii nimekuwa mwanasayansi aliyevuka bahari kwa ajili ya watoto wa kisiwani, kumbe nilivuka kwa ajili ya bati, tena sikuwa hata nimeulizwa. Jioni Bimkubwa akapiga tena, jambo asilolifanya, kwa sababu kupiga ni kazi yangu. Akasema: "Na mimi sikulala mpaka uliponipigia toka bandarini Mkoani. Hilo hukuniuliza." Akakata.

Ningependa kuishia hapo, mimi nikiwa ndiye niliyeonewa kidogo na kupendwa sana. Lakini liko jingine, na ndilo lililonikosesha usingizi zaidi.

Mwaka 2017 nilikuwa na mwanafunzi wa kike ambaye hesabu zilikuwa kwake kama kupumua. Akapata nafasi ya skuli ya dakhalia, Unguja. Akasema hataki. Nikaenda kwao mara tatu. Baba yake alikuwa dagoni, mwenye kauli alikuwa mjomba, kwa hiyo nikampigia hesabu zote mjomba: wangapi wanapata nafasi hiyo, atakuwa nani, ataisaidia vipi nyumba. Hesabu zangu zilikuwa sahihi. Yeye mwenyewe alikuwa mlangoni, amejitanda kanga, anasikiliza. Sikumgeukia hata mara moja kumuuliza. Mara ya tatu mjomba akakubali, na mimi nikarudi nyumbani ninapiga mluzi.

Alikwenda. Sasa ni muuguzi. Tukikutana sikukuu husema, "Shikamoo Maalim," husimama kidogo, hupita.

Nambari yake ninayo. Wiki hizi nimeandika ujumbe mara mbili nikaufuta. Nimuulize kama alitaka? Akisema ndiyo, nitajuaje kwamba si ndiyo kama ile yangu?

## Kugeuza chombo

Mwishoni mwa riwaya dawa ya chawa imepatikana, nayo ni vijidudu vingine vinavyowala, Kaa amempa Grace mafuta, na Grace anaweza kurudi nyumbani, jambo ambalo halikuwemo kabisa kwenye hesabu. Wameshaagana, kila mmoja anashika njia yake. Ndipo Grace anagundua kwamba vile vijidudu vinavyokula chawa vimejifunza kupenya hata kuta za chombo cha Kaa. Vitamlia mafuta yote, maana mafuta yenyewe ni chawa. Kaa atakwama gizani na kwao watakufa. Grace anatuma majibu duniani kwa vile vyombo vidogo, kisha anageuza chombo amfuate rafiki yake, akijua kwamba hatakuwa na njia ya kurudi wala chakula cha kutosha.

Darasa lilipiga makofi. Mimi nimekisoma kipande hicho mara tatu na bado nina kesi nacho.

Nahisi mwandishi anataka hili la pili lilipe lile la kwanza: aliyekuwa mwoga amekuwa shujaa, deni limekwisha. Mimi sioni kama lilikuwa deni. Mtu aliyeambiwa akafe na akasema hapana, hajakopa kitu. Na simwoni kama amekuwa jasiri zaidi, maana anaogopa vile vile. Tofauti ni kwamba mara ya kwanza aliombwa afe kwa ajili ya mabilioni ya watu, na mabilioni hayana uso. Mara ya pili ni kaa mmoja anayemjua sauti.

Mwaka 2016 mimi nililetewa barua ya uhamisho kurudi mjini. Niliikataa. Hiyo nayo imo kwenye hadithi yangu ya wakaguzi, tena kwa sauti ya juu. Wiki hizi nimeichungulia kwa makini. Nilikuwa nimeoa huku. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Mkwe wangu ana mashua mbili na alikuwa ameshaanza kunionyesha kiwanja. Hivi kweli nilichagua? Nikiiwazua ile asubuhi, sikumbuki hata kuiwekea barua mizani. Niliisoma nimesimama, nikaenda darasani.

Nilibaki tu. Kama wanavyokwenda dago.

Au ndiyo hivyo watu huchagua, na mimi nilikuwa nikisubiri kengele ipigwe? Sijui. Naliandika hapa kwa sababu mke wangu amechoka kulisikia.

## Ngumi moja na nusu

Skuli zilipofunguliwa, wale wakawa kidato cha tatu. Wiki ya mwisho ya Januari, siku za kiza, mwezi mpya bado haujaandama, niliwatoa uwanjani saa mbili usiku. Kaskazi ilikuwa imetulia na mbingu ziko wazi.

Nilikuwa nimefanya hesabu zangu kabla, na zilinifurahisha kama mtoto. Nyumbani kwa Kaa, nyota inayoitwa 40 Eridani, kwa wakati ule iko juu ya utosi wetu hasa. Dunia ina nchi kubwa zenye darubini kubwa, lakini kwa nyota hiyo, Pemba tunasimama chini yake kama kijana chini ya mnazi. Ina jina la Kiarabu pia, Keid, maganda ya yai. "Kaidi?" wakauliza, na basi, ikawa Nyota Kaidi. Itafute hivi: anza kwa Rigel, ile nyeupe kali, jina lake nalo ni rijili, mguu, kwa waliopita madrasa. Nyoosha mkono, kunja ngumi, hesabu ngumi moja na nusu kuelekea magharibi. Ni hafifu. Iangalie kwa pembeni ya jicho, ukiikazia inakimbia.

Tau Ceti ilikuwa imeshainama magharibi, nusu ya mbingu, inaonekana bila taabu. Walitarajia kitu kikubwa zaidi.

"Hii tu?" akasema mvulana mmoja.

"Hii tu."

Mtoto wa nahodha alikuwa ameitazama muda mrefu. "Mwanga wake huu umetoka lini, Maalim?"

"Kiasi cha miaka 12 nyuma. Januari 2013, fanya hivyo."

"Ulipojitolea."

Nilifikiri nitatafuta siku nzuri zaidi ya kulisema. Nilikuwa nimepanga maneno.

"Sikujitolea," nikasema. "Mama'angu alinipakia."

Hakuna aliyesema kitu. Tulisikia maji yakigonga mashua zilizofungwa. Kisha sauti kutoka gizani, sikuijua ya nani:

"Ulitapika?"

"Nilitapika."

"Tangu wapi?"

"Tangu Nungwi."

"Mpaka?"

"Mpaka Mkoani."

Wakacheka wote, wengine mpaka wakakaa chini kwenye mchanga. Mtoto wa nahodha hakucheka. Alikuwa bado ameangalia juu, mkono ameunyoosha, anahesabu ngumi.

"Nungwi hata baba hutapika," akasema, "akipanda meli ya watu."